Kanda ya Ras Gharib

Insaf alisukuma kanda ndani ya deki, akakaa kitako kwenye mkeka, akamwambia Tereza asogeze sahani ya machungwa. Walikuwa wamejipa nusu siku ya kujitazama. Wiki iliyopita waliendesha gari kutoka Mallawi mpaka Ras Gharib na kurudi, wanawake wawili peke yao, na Tereza alirekodi kila kitu: jangwa, pancha, polisi wa kizuizi cha barabarani aliyeuliza mara tatu dereva yuko wapi, na bahari, ambayo wote wawili walikuwa hawajawahi kuitia machoni.

Televisheni ikakoroma, ikatoa chenga, kisha ikaonyesha wanawake wanacheza.

"Mbona hii si bahari?" Tereza akasema.

Haikuwa bahari. Ilikuwa sebule ya Mama Jabir kule Nazlat Badran, siku ya hina ya bintiye, wanawake wamevua mitandio, wamejifunga vitambaa viunoni, na shangazi mmoja mnene amepanda juu ya meza.

"Shoga," Insaf akasema polepole, "kama hina iko hapa, iliyoko kwa Mama Jabir ni ipi?"

Tereza akaacha kumenya chungwa.

Kupiga picha za hina ndiyo ilikuwa kazi yao. Siku ya harusi mwanamume mwenye kamera anaingia bila shida, lakini siku ya hina, wanawake wanapojifungia ndani na kujiachia, mwanamume haingii hata akiwa kipofu. Kwa hiyo kuanzia Minya mpaka Asyut, mtu akitaka mpiga picha wa kike anawaita hawa wawili. Tereza ana kamera aliyoletewa na kaka yake kutoka Kuwait. Insaf ana gari, Pijo ya viti saba aliyoiacha marehemu mumewe, Muntasir.

Sasa, watu wa Nazlat Badran wana mambo yao. Jina la mwanamke halitajwi mbele ya wanaume, wala haliandikwi mahali ambapo jicho la mwanamume linaweza kupita. Kadi ya harusi inaandikwa "binti wa Haji fulani", basi, yatosha. Mwaka juzi Tereza, kwa wema wake, aliandika jina la bibi harusi kwenye ubavu wa kanda, akalizungushia na maua, na familia ikairudisha ile kanda imefungwa kwenye gazeti kama samaki aliyeoza. Tangu hapo wakaacha kuandika. Kanda zao zote zikawa nyeusi tupu, na ile ya hina ikawa inatiwa kwenye mfuko wa kitambaa na kushonwa mdomo, ili asiifungue mtu ila mama wa bibi harusi. Utaratibu mzuri sana, mradi anayeshona aangalie anashona nini. Insaf alishona Jumamosi huku mlenda uko motoni na mama mkwe wake anamuuliza chumvi kaificha wapi. (Na huyu bibi harusi wa Nazlat Badran jina lake silitaji mimi, nisije nikaletewa maneno.)

"Si kitu," Tereza akasema. "Tutawapelekea yao, watupe yetu. Watacheka kidogo, yataisha."

"Tereza, kule ufukweni."

"Ufukweni kuna nini? Wewe na paka mnagombania samaki."

"Baada ya paka."

Tereza akakumbuka. Akashika mdomo. "Yesu na Mariamu! Pale uliposema kwamba tangu marehemu afe ndiyo umeanza kuishi?"

"Usipige kelele!"

"Na nani anakwenda kuitazama leo?"

"Mtaa mzima. Na mama mkwe. Na hiyo kanda, mwenzangu, kaibeba mwenyewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Hajati Bahiya, mama wa marehemu, alikuwa shangazi yake Mama Jabir. Asubuhi ile pikapu ilikuja kumchukua, naye akaondoka na mikate ya jua, ile inayoumuliwa juani, kichwani na mfuko ulioshonwa kaukumbatia kifuani, akisema vitu vya siri havipewi watoto kubeba.

Na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Shemeji yake, Sharqawi, alikuwa amepata mnunuzi wa ile Pijo, mfanyabiashara wa unga kutoka Abu Qurqas, na huyo mnunuzi alikuwa anakuja Ijumaa. Gari lilikuwa la urithi, kila mmoja ana fungu lake, na Sharqawi hakuwa mtu wa kugombana mahakamani. Alisema hivi: mama akisema liuzwe, linauzwa, mama akisema libaki, linabaki. Leo ilikuwa Jumanne na mama alikuwa bado hajasema. Wiki nzima Insaf alikuwa anamchemshia maji ya kuoga, anamsugua miguu, anamcheka hata asipochekesha. Binti yake Rawya alikuwa chuo Asyut, na kila anachokula huko kilitoka kwenye magurudumu ya gari lile.

"Saa ngapi wanaanza?" Tereza akauliza.

"Wakishakula."

"Basi inuka. Wale wanakula polepole."

*

Walitoka mbio. Tereza aliificha kanda ya hina ndani ya gauni, Insaf akakanyaga mafuta, na Pijo ikapita katikati ya soko la Mallawi ikipiga honi kama gari la harusi. Ilikuwa Februari, jua zuri, mashamba ya miwa yanavunwa pande zote mbili za barabara. Kwa hali ya kawaida wangekuwa wanaimba.

"Labda deki yao ni mbovu," Tereza akasema.

"Mpya. Jabir kaileta kutoka Saudia."

"Labda umeme umekatika."

"Huo ukihitajika ndiyo unakatika. Ukiomba ukatike, unawaka mpaka asubuhi."

Kabla ya daraja, reli ndogo ya miwa inakatiza barabara, na garimoshi la miwa lilikuwa linapita. Garimoshi lile halina haraka na mtu. Mabehewa yalipita moja moja, miwa imening'inia kila upande, na wapita njia wakachomoa yao wakaanza kutafuna. Mzee mmoja juu ya punda aliinama akachungulia dirishani.

"Dereva kaenda kukojoa?" akauliza.

"Dereva ni mimi, baba."

Mzee akatazama kiti cha nyuma, labda mwanamume kalala huko. Akamgeukia mwenzake wa punda wa pili. "Ee, Abu Zikri, njoo uone! Dunia imeharibika, na hata honi wanajua kupiga!"

Watu wakaangua kicheko. Siku nyingine Insaf angemjibu jibu la kumlaza na viatu, maana ulimi anao. Leo alishika usukani, anahesabu mabehewa.

"Kwa nini uliniuliza swali lile?" akasema ghafla.

"Lipi?"

"Ufukweni. Kwa nini ulinishika na kamera yako ukaniuliza kama namkumbuka marehemu? Nani kakwambia uulize?"

"Ala! Mimi nimekuuliza, nani kakwambia ujibu?"

Wakanuna. Wakanuna mpaka behewa la mwisho likapita. Kisha Tereza akasema, "Lakini ulijibu vizuri," na Insaf akampiga kofi la paja, na gari likaondoka.

*

Mlangoni kwa Mama Jabir kulikuwa na lundo la viatu, jozi ishirini au zaidi. Kutoka ndani kilisikika kicheko kikubwa, na ndani ya kicheko hicho Insaf akasikia sauti yake mwenyewe: "Sukuma, Tereza! Sukuma kama mke wa mtu, acha kusukuma kama bibi wa Kizungu!"

"Wamefika kwenye pancha," Tereza akanong'ona. "Tumechelewa nusu saa."

Waliingia. Sebule imejaa: wanawake kwenye makochi, kwenye mazulia, kwenye vizingiti, watoto wachanga mapajani, bibi harusi mwenyewe na mikono yake bado myekundu. Mbele kabisa, kwenye kiti cha peke yake, amekaa Hajati Bahiya na bakuli la mbegu za maboga, anabangua na kutema maganda bila kuondoa macho kwenye televisheni.

"Hao hapo!" Mama Jabir akapiga kigelegele, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mfereji. "Karibuni, mastaa wetu! Mwanzoni tulidhani hilo jangwa ni la kupamba tu, hina inafuata. Tukangoja, tukangoja, hina haiji. Lakini nani anaijali!"

"Mama Jabir, tumefanya kosa," Insaf akasema huku akihema. "Hiyo si yenu. Yenu tumekuja nayo, Tereza kaishika. Ngoja niitoe hiyo, ni mbovu, itawaharibia kichwa cha deki."

"Kweli ni mbovu," mwanamke mmoja akasema. "Picha inatetemeka. Mshika kamera alikuwa na homa?"

"Barabara ilikuwa na mashimo," Tereza akajibu, kaumia.

"Na mbona nyote wa kijani? Sura zenu kama mlenda."

"Jua liliingia kwenye lenzi."

"Na hiyo mvua?"

"Si mvua, mama, ni chenga. Kanda tuliwahi kuirekodia harusi nyingine kwanza." Na kweli, katikati ya jangwa, kwa nukta mbili hivi, alitokea bwana harusi asiyejulikana anakata keki, kisha akapotea, na wanawake wakacheka mpaka wakalaliana.

Insaf aliinama ili abonyeze kitufe. Mkono wenye pete ukamshika kiganja. Alikuwa bibi yake bibi harusi, kikongwe asiye na jino hata moja.

"Kaa chini, mwanangu."

"Bibi, nimeleta hina yenyewe."

"Hina tulikuwapo wenyewe! Tunajua tulivyocheza, viuno bado vinatuuma. Bahari mimi sijaiona. Kaa."

Akakaa. Angefanya nini? Tereza naye akasogea taratibu ukutani, karibu na waya wa umeme, na mguu wake ukaanza kuutafuta ule waya. Mama Jabir akamwona.

"Tereza, ukigusa hiyo plagi nitakukalia."

Tereza akarudisha mguu.

*

Bahari ikatokea. Ilitokea imelala upande, kwa sababu Tereza alikuwa anakimbia, kisha ikanyooka. Kijani tupu, chenga juu na chini, na mstari mweupe unaokatiza katikati. Hata hivyo sebule nzima ilisogea mbele. Mtu mmoja akasema, "Subhanallah, haina ng'ambo." Kikongwe akauliza kama maji hayo yote ni ya Misri peke yake.

Kwenye televisheni Insaf alikuwa anavua viatu. Akaingia majini mpaka magotini na gauni lake jeusi, akapiga ukelele wa baridi, upepo ukamvua mtandio ukautupa, akaukimbilia, akaanguka, akainuka na mtandio umejaa mchanga. Kisha walikaa wanakula samaki wa kukaanga kwenye karatasi, na paka mmoja wa Ras Gharib, mwizi aliyesomea, akaja kwa adabu, akakaa, akangoja, akanyakua samaki mzima. Insaf alimrushia kiatu. Kiatu kikaingia baharini. Wanawake wa Nazlat Badran walilia kwa kucheka, na bibi harusi akawa anapiga zulia kwa mikono yake yenye hina.

Insaf peke yake hakucheka. Alijua kinachofuata. Alimtazama mama mkwe wake kwa pembeni: Hajati alikuwa ameacha kubangua mbegu.

Sauti ya Tereza ikasikika, ya karibu na ya wazi, kwa kuwa ndiye aliyeshika kamera: "Haya, mwenzangu, niambie ukweli. Unamkumbuka marehemu?"

Uso wa Insaf ukajaa kwenye kioo. Nywele zimetoka, pua nyekundu kwa baridi. Akafungua mdomo. Na upepo wa Ras Gharib, upepo uleule uliovua mtandio, ukaingia kwenye kamera ukavuma vuuu, ukafunika kila kitu. Midomo ilicheza. Insaf wa kwenye kioo alisema, akasema, akajipiga kifua, akacheka, akafuta machozi kwa kiganja. Neno hata moja halikutoka.

"Anasema nini?"

"Ongeza sauti!"

Mama Jabir akaongeza. Upepo ukaongezeka. Wakarudisha nyuma, wakatazama tena. Vuuu. Wakarudisha mara ya tatu, na mmoja akaapa kwamba kasikia "mungu", mwingine kwamba kasikia "mafuta". Tereza alikuwa anashukuru kimoyomoyo kwa kununua kamera rahisi, ingawa aliyeinunua ni kaka yake.

Insaf akajifunga mtandio upya. Kaokoka. Upepo tu, basi, na kesho atachemsha maji ya kuoga kama kawaida.

Hajati Bahiya akageuka kwenye kiti chake. "Ulisema nini hapo?"

"Alisema anamwombea," Tereza akadakia. "Alisema, Hajati, nyumba imekuwa giza tangu aondoke. Alisema hakuna mwanamume kama yule. Ndiyo maana unaona machozi."

"Masikini," wanawake wakaguna. "Mungu amrehemu. Mungu ampe subira mjane wake." Mmoja alianza kulia kabisa. Kikongwe akampapasa Insaf kichwani.

Tereza alikuwa amefunga Kwaresima, na katika Kwaresima hakuwa anadanganya hata kuhusu umri wake. Insaf alimwona alivyotazama chini. Aliona na ule mkono wa kikongwe unavyompapasa kwa huzuni ambayo hakuwa nayo. Miaka miwili watu walikuwa wanampapasa hivyo, sokoni, mazishini, mlangoni kwa duka la nyama, naye anainamisha shingo anapokea. Alichoka. Alichoka palepale, kwenye zulia la Mama Jabir, ghafla, kama mtu anayeshusha mzigo bila kuangalia unaangukia wapi.

"Nimekuuliza wewe," Hajati akasema, "sijamuuliza msemaji wako."

"Sikusema hivyo, mama," Insaf akasema.

"Insaf!" Tereza akamfinya.

"Niache. Nilisema Muntasir alikuwa mtu mwema. Hakunipiga, hakunitukana, hakuninyima. Nilisema miaka kumi na tisa alitoka na lile gari asubuhi, nami jioni nikalifuta vumbi, na hata siku moja hakuniuliza kama kuna mahali ningependa kwenda. Nilisema siku nilipotia ufunguo mara ya kwanza nililia, na watu wakasema mjane analia. Sikuwa namlilia yeye, mama. Nilikuwa na furaha. Hayo ndiyo niliyosema. Nisamehe."

Mtoto mmoja alianza kulia akatiwa ziwa haraka. Kwenye televisheni upepo uliendelea kuvuma na bahari ya kijani ikaendelea kwenda na kurudi.

Hajati Bahiya alichukua mbegu moja kwenye bakuli. Akaibangua. Akatema ganda.

"Baba yake," akasema, "mimi naye sikumlilia. Na hakuniachia hata baiskeli."

Kisha Mama Jabir akatoa sauti kama maji yanayochemka na kifuniko juu, kifuniko kikaruka, na sebule nzima ikaenda nacho. Walicheka wakashikana, walicheka wakapiga mapaja, kikongwe akacheka mpaka wakaogopa wakamgonga mgongo. Tereza alikuwa anacheka na kulia pamoja, kamshika Insaf shingo kama anataka kumnyonga.

"Mnacheka nini?" Hajati akasema, na yeye hakuwa anacheka. Alimwita Insaf kwa kidole, akasogeza mdomo wake sikioni mwake, na Insaf akasikia pumzi yake yenye harufu ya mbegu. "Kumlilia Muntasir niachie mimi. Ni mwanangu, nilimzaa, namlilia vya kutosha, sihitaji msaidizi. Wewe usinidanganye tena nyumbani kwangu na maji yako ya moto. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Miguu endelea kunisugua. Hiyo unajua."

*

Ijumaa, baada ya sala, Sharqawi alifika na mnunuzi. Mfanyabiashara wa unga alikuwa na kanzu iliyopigwa pasi, tena kaja na fundi wake wa magari, na yule fundi akaanza moja kwa moja kufungua boneti, kupiga piga mlango, kusema huku kuna kutu na kule kuna kutu, kama wasemavyo mafundi wa wanunuzi dunia nzima. Hajati Bahiya alikuwa amekaa barazani na blanketi miguuni. Kulia kwake Insaf, kushoto kwake Tereza, wote watatu wanatafuna miwa.

"Mama," Sharqawi akasema, "huyu ndiye bwana niliyekwambia. Anangoja neno lako."

"Mwambie fundi afunge boneti. Vumbi linaingia."

"Mama, mnunuzi kaja kutoka mbali."

"Abu Qurqas ni mbali? Hawa wameenda mpaka baharini wakarudi siku ya pili." Akatema kapi la muwa. "Gari haliuzwi, Sharqawi. Jumatatu lina hina Dayrut, na Alhamisi lina nyingine sijui wapi. Ukitaka la kuuza, uza lako."

"Lakini mama, watu wanasema! Mwanamke anazunguka na gari barabarani, watu wanasema!"

"Nimewasikia. Kule kwa Mama Jabir walisema kutwa nzima. Walisema picha inatetemeka, walisema hawa wamekuwa wa kijani, walisema sauti mbovu. Kisha wakaomba waazimwe kanda mpaka Jumapili." Akamtazama mnunuzi, akamkaribisha kwa mkono. "Karibu, baba. Mpe mgeni chai, Sharqawi, asiondoke na koo kavu."

Sharqawi aliwatazama wanawake wale watatu mmoja mmoja. Hakuna aliyeinuka. Mnunuzi alikuwa ameshavua viatu na kukaa. Basi Sharqawi, ambaye kwa miaka arobaini alikuwa hajawahi kujua sukari ya nyumba ile inakaa wapi, akaingia jikoni kuitafuta.